Soketi ya Wageni

Mtu mbaya najua namna ya kumfukuza. Walionishinda mimi ni watu wema, na Tasaul yote, kijiji chetu hiki cha mahandaki, imejaa watu wema, mpaka unatamani apatikane mchawi mmoja upumzike.

Nianze na Apa, maana ugomvi wote ulikuwa juu ya pumzi zake. Apa ni mama wa mume wangu. Jina lake analo, lakini sijawahi kulitamka mbele yake wala sitalitamka, kwetu mkwe hamwiti mama mkwe kwa jina. Miaka ya mwanzo hapa Mwezini, kabla handaki la pili halijachimbwa, yeye na wenzake walikuwa wakitoka nje kufagia vumbi kwenye paneli za sola. Vumbi la huku halina adabu. Linapenya hata vazi lililofungwa mara tatu, na likishaingia kifuani halitoki. Sasa Apa amezeeka, analala chumba cha ndani, na kando ya kitanda chake kuna mashine ya hewa inayomsaidia kupumua.

Jua likiwapo, mashine hiyo hakuna anayeifikiria. Giza likiingia linakaa wiki mbili, na wiki hizo mbili mashine inakula betri ya nyumba. Umeme wa umma unatosha hewa na maji tu; vya nyumbani kwako ni shauri lako na betri yako. Zahanati iko ng'ambo ya bonde na njia yake hufungwa mpaka jua lirudi. Kwa hiyo hesabu ni rahisi, hata ng'ombe angeielewa: betri ikiisha kabla ya jua, Apa naye kaisha.

Betri zenyewe zilikuja zimeshatumika Duniani. Kampuni iliyotuleta ilituambia zinarudisha karibu kila unachotia. Labda sebuleni kwa mwenye kampuni. Huku kwenye baridi, ukimimina vikombe kumi vya umeme unachota vinane. Viwili vinageuka joto la ukuta ambalo huwezi kulipeleka popote. Kila mtu Tasaul analijua hilo. Wanalijua kama wanavyojua kwamba watakufa, yaani hawalitii maanani.

Na sisi ni Wakazakhi, mgeni wetu hatoki mikono mitupu. Kile anachofungiwa aende nacho kwake tunakiita sarkyt. Duniani ilikuwa kipande cha nyama, maandazi yetu ya baursaki ya moto kutoka kwenye mafuta, peremende za watoto. Huku nyama ya kumfungia mtu haipo na unga unapimwa kwa kijiko. Kitu pekee ambacho ni chetu kabisa ni umeme wa paneli zetu. Basi wazee wakakaa, wakanywa chai, wakaamua kwamba sarkyt iwe umeme. Kila mtu huku anavaa kiriba kiunoni, ile betri ndogo inayompa taa na joto, maana mahandaki yetu yana baridi ya kuua na hakuna anayepita bila kiriba. Kila nyumba ina soketi ya wageni karibu na mlango, imefunikwa kitambaa cha tarizi kama bibi harusi. Mgeni akiaga, unamjazia kiriba. Akikataa amekutukana, na wewe usipomjazia umejitukana mwenyewe.

Kama yangeishia hapo ningenyamaza. Lakini mgeni naye haji mikono mitupu! Anakuja na kiriba kimejaa, anakimimina kwenye ukuta wako kama zawadi, anakunywa chai, halafu unamjazia tena kile kile alichokimwaga. Kuingia hasara, kutoka hasara. Mngekaa kila mtu na chake mkatazamana tu, mngekuwa matajiri.

Giza lile lilipoingia, Apa alikuwa na kikohozi kibaya, na habari zikatembea. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Wa kwanza kuja walikuwa Ospan Aga na mkewe Kulyash. Ospan, ambaye sote tunamwita Aga kwa heshima, ndiye mzee wa handaki letu, anayefungua dua kwenye kila karamu na kufunga mjadala kwenye kila kikao. Ana viriba viwili, kimoja cha umeme na kingine cha tumbo.

"Haya, shangazi yetu, unaendeleaje?" akauliza, tayari anatafuta mahali pa kukaa.

"Nipo, nipo," Apa akajibu. "Mgeni njoo mwenyeji apone."

Akacheka mpaka akakohoa, na mashine ikapandisha sauti kumsaidia. Aliyetunga msemo huo nadhani hakuwa na betri ukutani.

Ospan akamimina kiriba chake. Kulyash naye akamimina chake. Wakanywa chai ya maziwa, wakazungumzia ndoa ya binti wa handaki la tatu, wakaaga.

"Tursyn," Apa akaniita, "mjazie Aga kiriba. Na cha Kulyash."

"Apa, si wamemimina sasa hivi tu? Wangebaki nacho kiunoni tusingepoteza kitu."

Kulyash akatazama zulia. Ospan akacheka kile kicheko chake cha kusamehe watu ambao hawajamwomba msamaha.

"Mkwe wako huyu amesoma hesabu mpaka zimemzidi," akamwambia Apa. Kisha akanigeukia. "Kutoa ni moyo, binti yangu, si utajiri."

"Kutoa ni moyo, Aga. Kupumua ni mapafu."

"Tursyn!"

Nikawajazia. Nilichomeka ule waya kwa hasira, na Kulyash akaninong'oneza, "Kidogo tu, mdogo wangu, kidogo kinatosha," huku Ospan akisimama pale pale akitazama taa ya kiriba chake mpaka ikawa ya kijani.

Baada yao wakaja mafundi wa maji. Wakaja kina mama wa dobi. Wakaja hata watu ambao Apa hakuwapenda, na hao ndio aliowajazia zaidi, ili wasije wakasema. Nilikuwa nikisimama mbele ya mshale wa kipimo cha betri kama mtu anayetazama mtoto wake akitembea ukingoni mwa shimo. Umeme ule ule aliouleta Kulyash asubuhi, mafundi waliuondoa mchana, wakaupeleka kwa mpishi, mpishi akamletea Apa jioni kwa mapenzi yake yote, na kila ulipopita mikononi ulikuwa umekonda. Wote walikuwa wametoa. Hakuna aliyepata. Handaki zima lilikuwa linajisifu kwa ukarimu na betri za nyumba zote zilikuwa zinashuka.

Na sitaki kusema uongo, sarkyt hiyo hiyo imewahi kunibeba. Mama yangu alifariki Duniani mwaka wangu wa kwanza huku. Sikumzika, sikumwona. Apa aliweka matanga bila maiti, akaita handaki zima, na kila aliyetoka alitoka kajaziwa kiriba kwa jina la mama yangu. Betri yetu ilibaki tupu, tukakaa gizani tumejifunika mablanketi, na nilijiona nina mama mwingine. Siku ile mimi sikuuliza hasara ni kiasi gani. Lakini siku ile Apa alikuwa na mapafu yake, hakuwa akipumua kwa waya.

Nikampigia mume wangu Dosan kwenye simu ya upepo. Yeye giza likiingia anakuwa machimboni, wanakochimba barafu, na harudi mpaka jua.

"Dosan, mama yako anagawa pumzi zake mlangoni."

"Ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo ndiyo nini? Mshale umeshuka chini ya nusu, na giza lenyewe halijafika nusu."

"Sasa mimi niko huku nifanyeje? Zungumza naye taratibu."

"Taratibu nimezungumza mpaka nimechoka."

"Basi usimvunjie heshima. Ni mama yule, Tursyn."

"Nashukuru umenikumbusha. Nilidhani ni kabati."

Nikakata simu. Huyo ndiye mume wangu, mtu mwema mwingine.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana wakaja kina mama wa dobi, watatu, mara ya pili ndani ya siku chache. Walimimina, walikunywa, walimsifu Apa kwa rangi ya uso wake, na rangi ya uso wake ilikuwa ya jivu. Walipoinuka Apa akanitazama. Akanyanyua kidevu kuelekea mlangoni, kama mtu anayemwonyesha mtumishi kazi yake.

Nikaenda mlangoni. Nikatoa kitambaa cha tarizi, nikakikunja vizuri, nikakiweka juu ya kiti. Halafu nikazima swichi, nikachukua koleo, nikakata waya wa soketi ya wageni. Nikauvuta kutoka ukutani mpaka ukatoka wote, nikauzungusha mkononi kama utumbo wa kondoo.

"Karibuni tena," nikawaambia. "Njooni mnywe chai, njooni mcheke naye, mlale hapa mkitaka. Lakini kumimina na kujaziana kumekwisha katika nyumba hii mpaka jua lirudi. Mashine ile inataka umeme huu."

Wakatoka wakiwa wamebana viriba vyao ubavuni kama watu walionaswa wakiiba. Hawakuwa wameiba. Nilijua hawakuwa wameiba, na hasira yangu haikujali.

Apa alikuwa ameketi kitandani, ameshika shuka.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Nimekuvika, Apa."

"Miaka yote ya maisha yangu mgeni hajatoka kwangu mtupu. Hata mwaka wa theluji kubwa, mifugo imekufa yote, baba yake Dosan alimfungia mgeni ngozi. Ngozi, Tursyn! Wewe una ukuta mzima wa betri."

"Nusu ukuta. Nusu nyingine iko viunoni mwa watu wanaokupenda."

Akavuta hewa, akageukia upande wa pili. Nikajua ananichukia, nikaenda kuosha vikombe. Nilivigonganisha vyote kwa nguvu na kimoja kikavunjika mpini.

Basi wageni wakapungua, wakaisha. Mshale ukaacha kukimbia, ukawa unatembea. Hata hivyo hasara ilikuwa imeshafanyika, na nilipopiga hesabu niliona betri ya ukutani haitafika kwenye jua. Itaishia siku tatu kabla. Lakini kwa hizo siku tatu nilikuwa na sanduku la betri ya akiba. Mashine ya Apa ina tundu mbili ubavuni, moja ya waya wa ukutani na nyingine ya kuchomekea betri ya kubebeka, ili mgonjwa aweze kuhamishwa. Sanduku hilo nililijaza jua likiwa bado lipo, nikalisukuma chini ya kitanda chake, nikamwambia, "Apa, hili ni la mwisho. Hili ni lako peke yako." Akasema sawa.

Siku zile akawa mpole. Akaniita mwanangu, kitu ambacho hakuwa amekisema tangu nikate waya. Akaniomba kilemba chake kipya cha hariri, kile cha sikukuu, nikafurahi kwamba anataka kujipamba. Mjinga mimi! Nikampa, nikaenda zangu kazini kwenye bustani ya viazi.

Niliporudi alasiri, mshale wa ukutani ulikuwa umegusa wekundu, kama nilivyotarajia. Nikapiga magoti kuvuta sanduku chini ya kitanda. Mkono wangu ukakuta sakafu.

"Apa, sanduku liko wapi?"

"Sanduku gani?"

"Apa, usinifanyie utoto."

Akarekebisha mto wake bila haraka. Kichwa kilikuwa wazi, kile kilemba hakipo.

"Ospan alikuja kunijulia hali," akasema. "Peke yake, baada ya aibu yote ile. Angetokaje mikono mitupu? Soketi umeikata."

"Ukampa sanduku."

"Nikamfungia kwenye kilemba. Alipokea kwa mikono miwili."

"Na wewe utapumua nini?"

"Mungu atatoa."

"Mungu ametoa, Apa! Ametoa sanduku zima, na wewe ukampa Ospan!"

Sikuwahi kumpigia kelele mtu mzima maishani mwangu. Sauti ilinitoka mpaka jirani akagonga ukuta. Niliona kifua cha Apa kikipanda na kushuka haraka haraka, na mshale pale ukutani ukiwa kwenye wekundu, na jua siku tatu mbele. Betri ingefika asubuhi, pengine isifike. Nikavaa kiriba, nikachukua gunia la viazi lililokuwa tupu, nikatoka.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua nilikuwa nakwenda kufanya nini. Kwetu mtu anaweza kuiba farasi na baada ya miaka watu wakamcheka tu. Anaweza kukimbia na binti wa watu, wazee wakakaa wakasuluhisha. Lakini kwenda kudai sarkyt, kugonga mlango wa mtu na kusema nirudishie nilichokufungia, hilo halina hata neno. Nilitembea handaki lote nikiwa nalitafuta neno hilo, sikulipata.

Kwa Ospan kulikuwa na karamu. Nilisikia nyuzi za dombra kabla ya kufika mlangoni. Taa zote zilikuwa zinawaka, hata ya uani ambayo huwashwa siku ya harusi, na wageni walijaa kuizunguka meza: mafundi wa maji, kina mama wa dobi, mpishi, na wengine kutoka handaki la pili. Viriba vyao vilikuwa na taa ya kijani viunoni, vimejaa. Kilemba cha Apa kilikuwa kimetandazwa juu ya kasha la nguo, na sanduku liko chini yake, taa yake imezimika.

"Tursyn!" Ospan akainuka kwa furaha ya kweli. "Pita, pita, binti. Kulyash, mpe nafasi. Tulikuwa tunamwombea dua Apa wako."

"Sanduku hilo ulidhani ni nini, Aga?"

"Sarkyt."

"Ni hewa yake ya siku tatu. Ukutani kumebaki mpaka asubuhi."

Ospan akatazama sanduku, akanitazama, na uso ukamshuka.

"Hakuniambia."

"Mashine umeiona, mgonjwa umemwona, anakupa betri kutoka chini ya kitanda chake, na wewe hukuuliza?"

"Alinipa kwa mikono miwili. Ningekataaje?"

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Ningekataaje! Watu wazima, wenye akili zao, walioruka kutoka dunia moja kwenda nyingine, na hakuna hata mmoja anayejua namna ya kusema hapana, bibi, asante, baki nacho.

"Nataka hewa yake irudi," nikasema.

Mtu akavuta pumzi. Mkubwa wa kina mama wa dobi akaficha uso kwa mkono.

"Binti," Ospan akasema polepole, "sarkyt hairudishwi. Tangu babu zetu. Tutakachofanya, tutaenda wote kwake sasa hivi, kila mtu ammiminie kidogo..."

"Msimimine! Hamsikii? Babu zetu walikuwa na kondoo, Aga. Kondoo ukimpeleka kwa jirani anafika na miguu yake minne, na akirudi anarudi na minne. Umeme unafika na mitatu. Wewe umechukua sanduku ukalimwaga ukutani kwako, mguu mmoja. Ukutani ukawajazia hawa, mguu wa pili. Sasa mnataka mkammwagie yeye ukutani, halafu ukuta uilishe mashine. Apa atapata mkia."

Fundi mmoja wa maji akacheka, akajiziba mdomo.

"Basi unataka nini?" Ospan akauliza. Sauti ilikuwa imeanza kukasirika, na nikamshukuru Mungu, maana mtu mwema aliyekasirika angalau unajua umshike wapi.

"Nataka viriba vyenyewe. Vinachomekwa kwenye mashine moja kwa moja, bila kumiminwa popote. Vueni."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na sisi tutarudije makwetu?" akauliza mpishi. "Bila kiriba handaki litatuua."

"Hamtarudi. Mtakaa hapa mpaka jua litoke. Mko kwa Ospan Aga, mwenye moyo wa kutoa. Si mnasema mgeni ni baraka?"

Nikanyoosha gunia. Hakuna aliyesogea. Nilihisi machozi yananijia, si ya huzuni, ya ghadhabu, na niliapa moyoni kwamba nikilia mbele ya watu hawa nitajitupa nje bila vazi. Ndipo Kulyash akainuka. Alifungua mkanda wake, akatia kiriba kwenye gunia. Kisha akamwendea mumewe pale alipokuwa amesimama, akamfungua mkanda yeye mwenyewe, kama unavyomvua mtoto, akatia na cha pili.

"Kulyash," Ospan akasema.

"Nyamaza," akamwambia. "Unga uliobaki ni wa siku mbili, na hawa ni watu kumi na mmoja. Fikiria hilo."

Baada ya hapo wakavua mmoja mmoja. Fundi aliyecheka alikuwa wa kwanza, mkubwa wa dobi wa mwisho. Hakuna aliyenitazama usoni. Nikachukua na sanduku tupu, na kilemba cha Apa nikakitoa pale juu ya kasha la nguo, nikatoka. Nyuma yangu hakuna aliyeniambia karibu tena.

Mwezini mzigo ni mwepesi, lakini gunia lilikuwa kubwa na lilikuwa linanisukuma kila kona. Niliporudi, nikachomoa waya wa ukutani, nikachomeka kiriba cha kwanza. Mashine ikakohoa, ikaendelea. Apa alikuwa macho, akisikiliza viriba vinavyogongana nikivipanga chini ya kitanda.

"Umevitoa wapi hivyo?"

"Viunoni mwa watu."

"Mbele ya wageni? Nyumbani kwa Ospan?"

"Mbele ya wageni, na dombra ilikuwa inapigwa."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka kwenye kona, yakateremka polepole kama yanavyoteremka huku. Nimeishi na Apa miaka mingi, nimemwona akiuguza, akizika, sijawahi kumwona akilia.

"Heri ningekufa," akasema.

"Hukuulizwa."

Siku zile tatu sikulala sawasawa. Kiriba kikikaribia kuisha nachomeka kingine. Kutoka kwa Ospan habari zilikuja kwa simu: siku ya kwanza waliimba, siku ya pili waligombania blanketi, siku ya tatu Ospan Aga, mzee wa dua zote, alisikika akimwuliza mpishi kama hana kwao. Jua likatoka, viriba viwili vikiwa bado vimebaki na kitu. Paneli zikaamka, mshale ukaanza kupanda, njia zikapata joto, na handaki zima likapita mlangoni kwangu, kila mtu akichukua chake bila kunisalimia.

Dosan alirudi kutoka machimboni, na maneno yalikuwa yamemfikia kabla hajavua buti. Akanitaka niende kwa Ospan nikaombe radhi. Nikaenda. Nikamwomba radhi kwa sauti niliyotumia. Ospan akasema amesamehe, akanitolea chai, na nilipoaga hakuna aliyeigusa soketi ya wageni. Nilitembea handaki lote na kiriba nusu. Kwa mara ya kwanza Mwezini nikajua ile aibu Apa aliyokuwa akiizungumzia ina uzito gani, na inauma, sikatai, iliniuma mpaka nyumbani.

Apa hajasema nami mpaka leo. Chai anaipokea akitazama ukuta. Wageni wakija, maana wamerudi kuja, anawaambia wao wanipelekee ujumbe nikiwa nimesimama hapo hapo: mwambieni huyo chumvi imezidi, mwambieni huyo afunge mlango. Dosan anasema itapita. Mimi sidhani, namjua mama yake. Asubuhi nikiingia kubadilisha kichujio cha mashine ananigeuzia mgongo, ananuna kwa nguvu zake zote, na ule mgongo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Na anune. Maiti hanuni.